Jasho Lisilo na Stakabadhi

Katika sheria zote zilizotungwa nchini mwetu tangu Uhuru, ni chache zilizoingia mpaka jikoni kama ilivyoingia Sheria ya Ndoa, yaani Sheria Namba 5 ya mwaka 1971. Sheria nyingine tulizisoma kwenye nyaraka, nasi walimu tukazieleza kwa wazazi siku za mikutano ya shule. Hii ya ndoa haikuletewa shule yetu waraka wowote. Ilifika kijijini kwa mdomo, vipande vipande, kila mtu akibeba kipande kilichompendeza. Wanaume walijua kwamba kuna Baraza ambalo sharti lipitiwe kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Wanawake walijua kwamba mume haruhusiwi kupiga. Lakini kifungu cha 114, ambacho ndicho ninachotaka kukizungumzia hapa, karibu hakuna aliyekijua, na wengi hata sasa wanakijua nusu.

Mimi nilikifahamu vizuri baada ya kustaafu ualimu mkuu, nilipochaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Usuluhishi katika kata yetu huku Usukumani. Nilikaa katika benchi lile miaka tisa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ugomvi wa mume na mke una historia ndefu kuliko ndoa yao wenyewe, na kwamba mtu hawezi kuuelewa bila kurudi nyuma kidogo.

Kabla ya mwaka 1971 ndoa za Tanzania Bara zilikuwa chini ya sheria mbalimbali. Aliyefunga ndoa kanisani au ya kiserikali alihukumiwa kwa sheria iliyoachwa na Waingereza. Mwislamu alifuata sheria ya dini yake, Mhindu yake, na sisi wengine, ambao ndio tuliokuwa wengi, tulifuata mila za makabila yetu. Mila hizo aghalabu zilikuwa vichwani mwa wazee. Baadhi zilikuwa zimekusanywa na kuandikwa enzi za Waingereza na mtaalamu mmoja aliyetoka Austria, Hans Cory, ambaye alikaa sana na wazee wa Usukumani na Uhaya. Nchi ilipopata Uhuru, Serikali ilitaka mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe na sura moja. Cory aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1962, na mwaka uliofuata yakatoka matangazo mawili. Tangazo Namba 279 la mwaka 1963 lilihusu mahari, ndoa, talaka na watoto. Tangazo Namba 436 la mwaka huohuo lilihusu urithi. Namwomba msomaji aliweke hili la pili akilini, kwa maana nitalirudia.

Katika lile la kwanza, ndoa inapovunjika, maswali makubwa ni yaleyale waliyoulizana wazee wetu chini ya mti: ng'ombe warudishwe wangapi, kosa ni la nani, na watoto ni wa nani. Mambo haya sisi tuliyaona ya kawaida. Mwanamke aliyeachika alirudi kwa kaka zake na mzigo wake kichwani, na hakuna aliyeuliza juu ya shamba la pamba alilolipalilia au nyumba aliyoikandika kwa mikono yake.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka, Waraka Namba 1 wa mwaka huo, wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote wa Bara. (Zanzibar haikuhusika, na mpaka leo sheria hii haiwahusu wenzetu wa visiwani.) Mimi wakati huo nilikuwa mwanachuo wa ualimu Butimba, Mwanza. Tuliusoma waraka ule kupitia magazeti ya Uhuru na Ngurumo, tukabishana bwenini mpaka taa zilipozimwa. Jambo lililowasha moto lilikuwa moja tu: ridhaa ya mke wa kwanza mume anapotaka kuoa wa pili. Vijana wa Kikristo walisema ndoa ya wake wengi ifutwe kabisa, vijana wa Kiislamu wakauliza ni nani anayethubutu kumwekea sharti aliyeruhusiwa na Mungu, na sisi wana wa wafugaji, ambao baba zetu walikuwa na wake wawili watatu, tulikaa kimya tukicheka pembeni. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyetamka neno juu ya kugawana mali. Nadhani ni kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mali, na pia kwa sababu sote tulikuwa wanaume bwenini mle.

Sehemu kubwa ya fikra za waraka ule zilitokana na kazi ya tume iliyoundwa Kenya mwaka 1967 kuchunguza sheria za ndoa na talaka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba majirani zetu waliotuonyesha njia wao wenyewe walishindwa kuipita. Muswada wao uligonga mwamba bungeni kwao mara kadhaa, na hawakupata sheria moja ya ndoa mpaka mwaka 2014. Sisi tulipata yetu mapema 1971, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo.

Yaliyomo ni mengi, nami sitayapitia yote. Mahari ikawa si sharti la kuifanya ndoa iwe halali. Mke akapewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na nyumba ya familia haiwezi kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Juu ya mke wa pili, ile ridhaa tuliyoibishania ikageuka kuwa haki ya kuweka pingamizi: mke anaweza kwenda kumpinga anayetaka kuolewa, kwa mfano kama kipato cha mume ni kidogo kiasi kwamba nyumba ya kwanza itateseka. Kuishi pamoja miaka miwili na zaidi, watu wakiwajua kama mume na mke, kukahesabiwa kuwa dhana ya ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na binti akaruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, hali mvulana ni lazima afikishe 18. Hilo la umri lilitutesa sana walimu, ambao tulikuwa tukipokonywa wasichana darasa la saba mbele ya macho yetu na wazazi wakitutajia sheria. Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019 na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ulipita bila Bunge kubadili kitu. Lakini hiyo ni habari ya peke yake, nami naiacha.

Nirudi kwenye kifungu cha 114. Kinasema kwamba mahakama inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, inaweza kuagiza mali waliyoichuma wawili hao kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa igawanywe, au iuzwe na fedha zigawanywe. Katika kugawa, mahakama itazame mila za jamii yao, itazame madeni, itazame mahitaji ya watoto wadogo, na itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Ikishayatazama hayo, ielekee kwenye kugawa sawa kwa sawa.

Kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Neno hili la mwisho, kazi, ndilo lililowagawa mahakimu na majaji kwa zaidi ya miaka kumi. Je, kupika ni kazi? Kuchota maji, kulea watoto, kumuuguza mume, kukaa na wakwe, ni mchango katika kupatikana kwa nyumba ya bati iliyojengwa kwa mshahara wa mume? Wapo majaji wa Mahakama Kuu waliosema hapana: hayo ni majukumu ya kawaida ya mke, na mume naye anayalipia kwa kumtunza. Wapo waliosema ndiyo. Basi mwanamke aliyeachwa alikuwa kama mtu anayecheza bahati nasibu; haki yake ilitegemea jaji aliyeangukia.

Mabishano yale yalikatwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama ambayo yenyewe ilikuwa changa, maana ilianzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kesi ilikuwa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambao ndoa yao ilivunjika mwaka 1980. Bi Hawa alidai fungu katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Hakuwa na mshahara. Alikuwa mke wa nyumbani. Hukumu ilitolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Alijiuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa historia angelipenda: sheria hii ilitungwa ili kuponya ugonjwa gani? Akajibu kwamba ugonjwa ulikuwa ni ule wa wake kunyonywa na kuonewa na waume zao. Kwa hiyo juhudi za pamoja haziwezi kumaanisha fedha peke yake. Kazi ya nyumbani nayo imo, na inahesabiwa kuwa mchango.

Wanasheria wanawake waliokuja kuendesha semina kwa wajumbe wa mabaraza walitueleza kesi hiyo kwa furaha, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi, kwa tabia ya kazi yangu ya zamani, nikanyoosha mkono na kuuliza: je, huyo mama alipata kiasi gani? Yule dada aliyekuwa akitufundisha akatabasamu kidogo, akasema, "Mwalimu, hakupata kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mahakama ilikubali kwamba kazi zake za nyumbani ni mchango, lakini ikaona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitumia ovyo. Hilo likahesabiwa dhidi yake, na rufaa yake ikatupwa. Tangu siku ile kila mwanamke anayegawiwa chochote mahakamani kwa ajili ya kupika na kulea anakula kwa jina la Bi Hawa, ambaye mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Katika kusoma kwangu historia nimekutana na watu wachache waliowafaa wengi kiasi hicho kwa kushindwa. Tena hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama sheria yenyewe ilivyoandikwa, lugha ambayo wengi wa wanawake inaowahusu hawakufundishwa. Nalisema hili bila kumlaumu mtu. Ndivyo mahakama zetu za juu zilivyofanya kazi, na Kiswahili kilipewa nafasi ya kuwa lugha ya sheria kwa mabadiliko ya mwaka 2021 tu.

Sasa nieleze tulivyokifanyia kazi kifungu hicho huku chini. Kisheria, Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yetu ilikuwa kusuluhisha. Tukishindwa, tunatoa hati ya kwamba tumeshindwa, na mwenye shauri anakwenda nayo Mahakama ya Mwanzo. Kugawa mali si kazi yetu hata kidogo, lakini haiwezekani kusuluhisha mke na mume bila mali kutajwa. Kwa kweli nilikuja kuona kwamba katika mashauri kumi, ugomvi wa saba unaanza na mwanamke mwingine na kuishia kwenye mabati.

Mume akija, alikuja na bahasha. Ndani mna stakabadhi za saruji, za mabati, hati ya kuuziana kiwanja iliyogongwa muhuri wa mtendaji wa kijiji, vyote kwa jina lake. Mke alikuja na mtoto mgongoni. Ukimuuliza, "Mama, na wewe ulichangia nini?" atakujibu, "Nilikuwa napika." Atalisema kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. Mume atacheka, na mjumbe mmoja au wawili watacheka pamoja naye. Ilinibidi mara nyingi niwaeleze wenzangu, ambao wengine walinizidi umri, kwamba Mahakama ya Rufani ilikwisha kulijibu swali hilo. Mzee mmoja alinijibu: "Mwalimu, hao majaji wa Dar es Salaam wamekula kwa nani miaka yote, hata leo ndio waone kwamba kupika ni mtaji?" Nikamwambia ndiyo hasa maana ya hukumu. Alinitazama kwa muda, kisha akaomba tuendelee na shauri linalofuata.

Ugumu mwingine haumo katika vichwa vya wazee. Mahakama ya Rufani imekwisha kusisitiza katika mashauri ya baadaye kwamba mchango ni jambo la ushahidi: anayedai kwamba alichangia, aonyeshe. Ni kanuni ya haki, wala siwezi kuipinga. Lakini mwanamke atawezaje kuonyesha miaka ishirini ya kuamka alfajiri? Maji yaliyochotwa yameshanywewa. Watoto waliolelewa wamekua na kwenda Mwanza, na wakiitwa kutoa ushahidi huogopa kumkosea baba.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na daftari. Nilimfundisha darasa la nne, hesabu zake zilikuwa nzuri. Tangu walipoanza kufyatua matofali ya nyumba yao alikuwa ameandika kila siku: ndoo ngapi za maji alichota kwa ajili ya udongo, mafundi wangapi aliwapikia, vitumbua vya shilingi ngapi aliuza na kiasi gani kati ya hizo kilinunua misumari. Alipoulizwa kwa nini aliandika, alisema hakuwa na nia yoyote mbaya, alipenda tu kuandika. Tulishindwa kuwapatanisha, tukawapa hati. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alilipokea lile daftari kama kielelezo, akampa nusu ya nyumba. Tangu hapo niliwaambia mabinti wote wa ukoo wangu wanunue daftari siku wanapoolewa, na mke wangu akaniuliza kama nami natarajia kuandikiwa. Nilimwambia aanze mara moja.

Lakini yote niliyoyasimulia mpaka hapa yana sharti moja, ambalo msomaji makini huenda ameshaliona. Kifungu cha 114 kinafanya kazi mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana. Ndoa ikivunjwa na kifo, hakipo. Hapo ndipo linaporudi lile Tangazo Namba 436 la mwaka 1963.

Dada yangu mkubwa aliolewa mwaka 1962 kwa ng'ombe kumi na wawili, ambao wanne kati yao ndio waliouzwa ili mimi nisome. Aliishi na shemeji miaka 24. Walikuwa watu wapatanifu, sijapata kuwasikia wakigombana. Walilima pamba, wakajenga nyumba ya bati ya kwanza katika kitongoji chao, wakanunua jembe la kukokotwa na ng'ombe na mashine ya kushonea. Hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Shemeji akafariki mwaka 1986, na baada ya matanga ukoo wake ukakaa kikao. Nyumba, shamba na ng'ombe vikaenda kwa wadogo zake marehemu. Dada akaambiwa achague mmoja wao wa kumrithi, abaki humo kama mke. Alikataa. Nilikwenda mimi na baba mdogo kumsemea. Mzee wa ukoo ule, mtu mpole na mwenye heshima, alitukaribisha, akatupa kuku, akatueleza bila hasira kwamba wao hawamwonei mtu: mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na fungu lake yeye ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Alikuwa akisema karibu neno kwa neno yaliyoandikwa katika Tangazo, ingawa sidhani kama alipata kuliona. Na dada hakuwa na mtoto wa kumtunza.

Fikiria hesabu hii. Lau dada yangu angegombana na mumewe, akaachika mwezi mmoja kabla ya kifo chake, angeweza kusimama mbele ya hakimu na hukumu ya Bi Hawa mkononi, iliyokuwa na miaka mitatu tu wakati huo, akadai jasho lake. Kwa kuwa alikaa naye kwa wema mpaka pumzi ya mwisho, alitoka na mashine ya kushonea, nayo ni kwa sababu sisi tuliibeba wenyewe.

Baadaye wajane wawili wa huku kwetu, wa Kisukuma, waliopatwa na hayohayo walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Tangazo lenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba kufuta mila kwa amri ya mahakama kungefungua mlango wa mila zote kushtakiwa. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Wakaenda mbele, mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema walionewa, ikaitaka Serikali iwafidie na kuzibadili sheria zile. Tangazo lilikuwa limetimiza miaka 52.

Dada alifariki mwaka 2011 katika nyumba aliyojengewa uani kwangu. Mashine bado ilikuwa ikishona. Yunifomu za shule yangu nyingi zilipita mikononi mwake. Ukoo wa shemeji walikuja mazikoni, wakatoa rambirambi, wakaomba azikwe kwao kando ya mumewe kama ilivyo desturi. Baba mdogo aliwauliza, kwa adabu, ni katika shamba la nani. Tulimzika kwetu.